Kabla ya Kuuliza Kama Ametembea

Mama akipita na mtoto mgongoni katika soko la Busia au Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kila anayemsalimu ana swali lile lile: huyu ameshakaa? Anatambaa? Mbona hajatembea? Hakuna anayeuliza kama mtoto hugeuka mfuniko wa sufuria ukianguka nyuma yake, wala kama anajua kuhamisha kijiko kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Sisi tunaowapokea watoto hawa kliniki huanza na hayo yasiyoulizwa. Miguu huchelewa kutoa habari. Macho, masikio na vidole husema mapema, wakati bado kuna mengi ya kufanya.

Lakini tuimalize miguu kwanza, maana ndiyo inayowakosesha akina mama usingizi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana ikiwemo, na mwaka 2006 likatoa vipimo vyake. Kukaa bila kushikwa huja kati ya miezi 4 na 9 hivi. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya miezi 5 na 13 na nusu. Kusimama dede, kati ya miezi 7 na 17. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Mtoto wa jirani aliyetembea akiwa na miezi 9 na wako aliyetembea akiwa na miezi 16 wote wako salama. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Wapo wanaojiburuza kwa makalio, wapo wanaosota kwa tumbo, na siku moja wanashika kigoda na kusimama.

Hapa kwetu kuna mtego wake. Daktari Mfaransa Marcelle Geber, aliyepima watoto Kampala miaka ya 1950, aliandika kwamba walikuwa wakiwatangulia wenzao wa Ulaya katika kukaza shingo, kukaa na kusimama. Sehemu kubwa ya jambo hilo ni mazoezi: Buganda mtoto huanza kukalishwa na kuegemezwa tangu mwezi wa tatu hivi, na anayebebwa mgongoni hukaza shingo na kiwiliwili kila mama anapoinama. Basi mtoto akikaa mapema vigelegele hupigwa, na kipimo kinaishia hapo. Mtoto asiyesikia anaweza kukaa vizuri kwa miezi 6 na kutembea kwa mwaka mmoja, tatizo lake likagunduliwa akiwa na miaka mitatu, pale watu wanapoanza kumwita mkaidi.

Masikio, kwa hiyo. Kinachowadanganya wazazi ni kwamba mtoto kiziwi naye hulia, hucheka na kutoa zile sauti za "aguu" kama wengine. Tofauti hujitokeza kati ya miezi 6 na 10, wakati mtoto anayesikia anapoanza kuunganisha silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Asiyesikia hubaki na vokali tupu, au sauti yake hupungua badala ya kuongezeka. Miezi 10 ikifika bila "ba-ba" yoyote, hatusubiri.

Kipimo cha nyumbani kinahitaji watu wawili na chumba kilichotulia, mtoto akiwa na miezi 7 hadi 9, ameshiba na hana usingizi. Mtoto anakaa mapajani kwa mama, akitazama mbele. Mtu wa kwanza anachuchumaa mbele yake na kumshughulisha na kitu kisichotoa sauti, leso kwa mfano, kisha anakificha. Sekunde hiyo mtu wa pili, aliye nyuma na pembeni, umbali wa mkono mmoja kutoka sikioni, anagonga kikombe taratibu kwa kijiko, au anasema "sss" kwa sauti ya kunong'ona. Mtoto anayesikia hugeuka upande ule. Rudieni upande wa pili, na kila sauti mara mbili. Wengi huharibu hapa: wanapiga makofi, na mtoto anahisi upepo, wanapiga mguu chini, naye anahisi sakafu ikitikisika, au kivuli cha mtu wa pili kinaonekana ukutani. Mama naye akijua sauti inakuja hukaza mapaja bila kujijua, na mtoto anageuka kwa ishara hiyo. Kama mtoto ana mafua au sikio linatoa usaha, mtibuni kwanza, mrudie kipimo wiki mbili baadaye.

Wapo watoto ambao kwao kipimo hiki si cha hiari: waliougua homa ya uti wa mgongo au malaria ya kichwani, waliopata umanjano mkali wa macho na ngozi siku za mwanzo, na waliochomwa sindano ya gentamicin, dawa ya kuua bakteria, wakiwa wachanga. Sindano hiyo huokoa maisha, na hatumwambii mtu aikatae. Tunachosema ni kwamba sikio lifuatiliwe.

Na lugha nyingi nyumbani hazihusiki. Tororo mtoto anaweza kumsikia mama akisema Kijapadhola, baba Ateso, na wateja wa kibandani Kiswahili. Hilo halimfanyi bubu wala halimchelewishi kubwabwaja. Tunaposikia "anachanganyikiwa na lugha" kwa mtoto wa miezi 11 aliye kimya, tunachukua kikombe na kijiko.

Mikono inahitaji macho ya karibu zaidi. Mtoto mchanga hufumba ngumi, ni kawaida. Kufikia miezi 3 viganja vinapaswa kuwa wazi muda mwingi. Ngumi zilizofumbwa daima baada ya miezi 4, kidole gumba kikiwa kimefungiwa ndani, zinaonyesha misuli inayokaza kupita kiasi. Mwezi wa 4 au wa 5 hunyoosha mkono kufuata kitu. Mpe kijiko cha mbao, kisha umpe cha pili. Wa miezi 5 huangusha cha kwanza ili apokee cha pili. Wa miezi 6 au 7 hukihamisha mkono wa pili, halafu anapokea kingine. Ni jambo dogo, lakini linasema kwamba pande mbili za mwili zinafanya kazi pamoja. Kati ya miezi 9 na 12 huanza kuokota kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada. Weka punje moja ya wali uliopikwa kwenye sahani na utazame. Punje ya wali, si karanga wala harage bichi: hizo zikiingia kwenye koo la pumzi hakuna kituo cha afya cha karibu kitakachowahi.

Bibi akisema kwa furaha kwamba mjukuu wa miezi 7 ni wa mashoto, tunamheshimu, kisha tunamvua mtoto shati. Kabla ya mwaka mtoto hana mkono anaoupendelea. Anayetumia mmoja tu mara nyingi ana udhaifu katika ule mwingine. Shika kwa upole mkono anaoutumia, mpe kitu upande wa pili. Akilia na kupambana kuukomboa ule mmoja bila kuujaribu mwingine, huyo ni wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi yakianza mapema, ubongo ungali mchanga, faida yake huwa kubwa.

Habari ya macho ni fupi. Tabasamu la kujibu uso wa mtu, si lile la usingizini, huja kati ya wiki 6 na 8, na miezi 3 ikipita bila hilo tunapima macho na mengine. Makengeza ya hapa na pale yanavumilika hadi miezi 4, baada ya hapo hapana. Na picha za simu zina kazi: ukipiga kwa mwanga wa flashi, mboni moja ikang'aa nyeupe huku nyingine ikiwa nyekundu, inaweza kuwa saratani ya jicho. Hilo ni la kupelekwa hospitali wiki hiihii.

Sasa mgongo na tumbo. Mbeleko ni nzuri kwa nyonga, mradi miguu imepanuka kuzunguka kiuno cha mama na haikufungwa pamoja ikiwa imenyooka. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na mgongoni kumetajwa. Wauza duka husahau hili. Mwongozo huohuo unataka mtoto ambaye hajaanza kutambaa alazwe kwa tumbo, akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, na asionyeshwe skrini kabisa kabla ya mwaka.

Hizo dakika 30 hazipatikani kwa mkupuo. Anza na dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku. Wiki za kwanza kifua cha mama aliyeegemea kinatosha. Baadaye mkeka sakafuni, si godoro: godoro linabonyea na mtoto hana pa kujisukumia. Kunja leso iwe kama chapati iliyoviringishwa, ipite chini ya kifua, mikono yake yote miwili ikiwa mbele, viwiko chini ya mabega. Mama alale chini uso kwa uso naye, maana akiona sakafu tupu atalia. Fanya hivyo baada ya kubadilisha nepi, kabla ya kunyonya. Ukifanya baada ya kunyonya atatapika, utasema hapendi. Akisinzia, mgeuze chali. Usingizi ni chali, usiku na mchana.

Kukalisha kwenye beseni lililojazwa nguo tunakupunguza. Nyonga hurudi nyuma, mgongo unapinda, kidevu kinaanguka kifuani, na mtoto hajifunzi kujishikilia kwa sababu nguo zinamshikilia. Mweke kati ya miguu yako iliyonyooshwa, akiangalia mbele. Mshike mbavuni wiki hizi, akikaza ushuke kiunoni, kisha nyongani, kisha uache mikono karibu tu bila kumgusa. Kwa wa miezi 9 anayetafuta pa kushika asimame, jerikeni ya lita 20 iliyojaa na kufungwa ina urefu mzuri na haipinduki. Tupu itamwangukia. Vigari vya magurudumu vya kujifunzia kutembea tunavikataa waziwazi. Havimharakishi, humfundisha kusukuma kwa vidole vya miguu, na humfikisha kwenye sigiri au ukingo wa veranda kabla mtu hajanyanyuka. Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004.

Jambo moja la hesabu, kwa sababu linaliza watu bure. Mtoto njiti ahesabiwe kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki 32 alitangulia kwa wiki 8; akitimiza miezi 6 kwa kalenda, mpime kama wa miezi 4, na uendelee hivyo hadi miaka 2. Chanjo peke yake hufuata kalenda, haipunguzwi hata wiki moja.

Kichwa tunakipima kwa utepe usionyumbuka, juu kidogo ya nyusi na masikio, ukizunguka pale kisogo kinapochomoza zaidi. Pima mara tatu, andika kipimo kikubwa. Mtoto huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi. Kinaongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi miezi mitatu ya kwanza, 1 kwa mwezi mitatu inayofuata, kisha nusu. Mtoto aliyeugua maambukizi makali katika mwezi wa kwanza, halafu kichwa kikaanza kukimbia, utosi ukajaa, mishipa ikaonekana kichwani, macho yakatazama chini kama jua linalozama, huenda maji yanakusanyika kichwani. Kwa ukanda wetu Hospitali ya Watoto ya CURE iliyopo Mbale hufanya upasuaji wa aina hii. Wengine hufika wakiwa wamezungushwa miezi kwa waganga, shingo tayari haibebi kichwa.

Chakula kimo humuhumu, ingawa wengi hukiweka kwenye somo lingine. Akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni huelekea kuisha miezi 6, na mtoto mwenye upungufu wa damu hachezi, hatambai, hana hamu ya kushika kitu. Watu husema ana tabia ya upole. Malaria ya mara kwa mara inazidisha. Ziwa liendelee, na juu yake vijiko 2 hadi 3 vya chakula kilichopondwa, mara 2 hadi 3 kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 mpe nusu kikombe mara 3 hadi 4, na kitu cha kushika mwenyewe katikati. Kitobero, mseto unaofundishwa na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala, hautaki duka kubwa: matoke au kiazi, maharage yaliyoondolewa maganda au mukene (dagaa) iliyosagwa, na mboga za majani, vyote katika chombo kimoja. Uji wa wimbi uwe mzito, usidondoke kijikoni kama maji. Chai ya rangi tunaiomba iondoke kabisa kwenye kikombe cha mtoto, kwani inazuia chuma kufyonzwa. Maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi ya ziwa kabla ya mwaka, na asali isubiri mwaka utimie. Toka miezi 6 mkanda wa kupima mzunguko wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali, hata kama mashavu yamejaa.

Meno yanatupa kazi isiyo ya lazima. La kwanza huja karibu na miezi 6, chini mbele, na kutokuwa na jino hata moja siku ya mwaka mmoja si ugonjwa. Yale mabonge meupe kwenye fizi wanayoyaita ebiino ni chipukizi za meno ya pembeni ambayo yangetoka mwaka wa pili. Homa na kuhara ambavyo mabonge hayo hulaumiwa kuvileta vina sababu nyingine, mara nyingi malaria au maji machafu, kwa kuwa ndicho kipindi mtoto anachopeleka kila kitu mdomoni. Kuyang'oa kwa spoku ya baiskeli au kisu huleta kutoka damu, pepopunda na usaha unaoingia mwilini, na huharibu meno ya kudumu yaliyo chini yake.

Miezi 8 au 9 mtoto aliyekuwa wa kila mtu huanza kumlilia mama akiondoka na kumkataa shangazi aliyetoka mbali. Shangazi asikasirike. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyatazama haya katika vijiji vya karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950: mtoto anasogea mbali na mama kuchunguza vitu, anarudi, anasogea tena, na mama akitoka nje anamfuata au analia. Anayefanya hivyo anajua nani ni nani. Anayekwenda kwa yeyote bila kujali, asiyetazama usoni, wala hageuki akiitwa jina, ndiye wa kufuatiliwa.

Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini Uganda mwaka 2025 imetupa nafasi tuliyokuwa hatuna. Zamani baada ya chanjo ya wiki 14 wengi hatukuwaona hadi ile ya surua ya miezi 9. Sasa katika wilaya zilizomo kwenye mpango wanaletwa miezi 6, 7 na 8, miezi ileile ya kijiko mkononi na "ba-ba" mdomoni. Mama asikubali kuchomewa mtoto na kuondoka. Amwombe sista dakika tano za kumtazama.

Yapo yasiyongoja siku ya chanjo. La kwanza ni mtoto kupoteza alichokuwa akiweza: alikuwa akicheka, sasa hacheki, alikuwa akikaa, sasa anaanguka. Hakuna umri ambao hilo ni kawaida. La pili hufanana na msokoto wa tumbo, na huja zaidi kati ya miezi 4 na 7. Mtoto akiamka, kichwa kinainama ghafla, mikono inaruka mbele, magoti yanapanda. Sekunde moja mbili, anaachia, kisha tena, mfululizo, mara kumi na zaidi. Hatetemeki kama kwenye degedege inayojulikana, na hana homa. Hicho ni kifafa cha wachanga, na kila wiki inayopita bila dawa inamrudisha nyuma.

Mbele yetu mara nyingi mtoto hafanyi hata kidogo. Ndiyo maana tunaomba video. Mvue nguo abaki na nepi, mlaze mahali penye mwanga, simu ishikwe mbali kiasi cha kuonyesha mwili wote kuanzia kichwani hadi miguuni, sauti isizimwe, na urekodi tangu mshtuko wa kwanza hadi wa mwisho bila kusimamisha. Andika saa, na kama alikuwa ametoka kuamka. Njoo na video hiyo na kitabu cha afya cha mama na mtoto, siku hiyohiyo.